Bunduki za Mkusanyaji: Ukutani au Ndani ya Sefu

Bunduki zilizokusanywa nyumbani hukaa kwa namna mbili. Ama huanikwa zionekane, zikitundikwa ukutani, zikisimamishwa ndani ya kabati la kioo sebuleni au kulazwa juu ya meko. Ama hufungiwa ndani ya sefu ambayo mgeni hana habari nayo. Uchaguzi huu una uzito wa pekee Marekani, kwa kuwa huko ndiko silaha za raia zilikojaa kuliko nchi nyingine yoyote. Taasisi ya Small Arms Survey yenye makao yake Geneva ilikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Marekani walikuwa na bunduki zipatazo milioni 393, wakati raia wa dunia nzima walikuwa nazo milioni 857. Karibu nusu ya bunduki zote za raia duniani, basi, zimo katika nchi moja yenye watu wasiofika hata asilimia 5 ya watu wa dunia.

Sheria ya Marekani humtambua mkusanyaji kwa umri wa vitu vyake. Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo ni kitu cha kale, na kwa sehemu kubwa serikali kuu haiigusi. Iliyotimiza miaka 50 ikiwa katika umbo lake la asili huhesabiwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria, na mtu anaweza kuchukua leseni ya mkusanyaji ili azinunue bunduki za namna hiyo hata kutoka majimbo mengine. Umri, hata hivyo, hauipunguzii bunduki uwezo wake wa kuua. Bunduki ya M1 Garand iliyoundwa Springfield mwaka 1943 hufyatua leo sawasawa na siku ilipotoka kiwandani, na risasi zake zinauzwa madukani. Bastola ya Luger ya Vita vya Kwanza vya Dunia ni hivyo hivyo. Tofauti na mkusanyaji wa sarafu au stempu, mkusanyaji wa bunduki anaishi na vitu ambavyo bado vinafanya kazi viliyotengenezewa.

Desturi ya kuitundika bunduki ukutani ilianza kwa mahitaji, si kwa mapambo. Katika vibanda vya walowezi wa Marekani, bunduki iliwekwa juu ya mlango au juu ya meko kwa sababu hapo palikuwa pakavu, watoto wadogo hawakupafikia, na mwenye nyumba aliweza kuitwaa kwa hatua chache. Uingereza, kumbi za majumba ya makabaila zilipambwa kwa bunduki na panga zilizopangwa kwa duara ili kuonyesha nguvu za ukoo. Katika karne ya 20 likaenea kabati la mbao lenye mlango wa kioo, nafasi ya bunduki sita au nane, na droo ya risasi chini yake. Kabati hilo liliingia sebule nyingi za Marekani na bado limo. Ufunguo wake ni wa kitoto, kioo chake huvunjwa kwa kiwiko, na silaha imekaa pamoja na risasi zake. Kwa upande wa usalama ni fanicha tu.

Wanaotetea maonyesho wana hoja ya kweli isiyofaa kupuuzwa. Bunduki ya kihistoria ni hati. Mihuri ya wakaguzi kwenye chuma, namba za vipande zinazolingana au zisizolingana, makovu ya kitako cha mbao, yote husimulia ilikopita. Winchester ya mwaka 1873 au Lee-Enfield ya jeshi la Uingereza ikikaa gizani miaka 30, elimu hiyo hukaa nayo gizani, na mara nyingi mwenyewe akifa hakuna wa nyumbani anayejua alichoachiwa. Kijana anayeiona kila siku huuliza. Asiyeiona hana la kuuliza. Maonyesho yana faida nyingine pia: kutu inayoanza kwenye mtutu huonekana mapema, na bunduki iliyotoweka hugunduliwa siku hiyo hiyo, ilhali katika sefu iliyosheheni moja inaweza kuondolewa na miezi ikapita.

Watetezi hao hupenda kutaja makumbusho, kama Cody Firearms Museum ya jimbo la Wyoming au Royal Armouries ya Leeds, ambako maelfu ya silaha huonekana wazi na hakuna anayelalamika. Mfano huo unaeleza zaidi ya wanavyokusudia. Makumbusho huonyesha silaha nyuma ya vioo vizito, chini ya kamera na ving'ora, bila risasi, mbele ya walinzi waliolipwa, na milango hufungwa jioni wageni wakishatoka. Zaidi ya yote, hakuna familia inayolala humo. Nyumba ina watoto, jamaa wanaokuja kukaa wiki mbili, mafundi wa mabomba, marafiki wa watoto, na siku nyingine ina mtu mzima aliyekata tamaa.

Kuhusu utunzaji wa vitu vyenyewe, ukuta na sefu kila kimoja kina maradhi yake. Adui mkubwa wa chuma ni unyevu. Adui wa mbao ni kubadilikabadilika kwa unyevu huo. Wahifadhi hupendelea unyevu wa hewa usiopita sana asilimia 50: ukizidi, chuma hushika kutu; ukishuka mno, vitako hukauka na kupasuka. Bunduki ya ukutani hupata hewa inayozunguka, lakini hupata pia vumbi, jua la dirishani linalopausha mbao na ngozi, moshi wa meko, na vidole vya kila mgeni. Jasho la vidole lina chumvi, na alama ya kidole isiyofutwa huweza kugeuka kutu yenye umbo la kidole kile kile. Ndiyo maana wakusanyaji makini huvaa glavu, na wengi hupaka nta nyembamba iliyobuniwa kwa ajili ya kazi za British Museum badala ya mafuta yanayonasa vumbi.

Sefu nayo ina hila zake. Zile zinazouzwa kuwa zinahimili moto huwekewa mbao za jasi kwenye kuta zake. Jasi ina maji ndani yake kwa asili. Moto ukiwaka maji hayo hutoka kama mvuke na kuipoza sefu. Kinachookoa hati siku ya moto, basi, huweza kuziachia bunduki kutu ya siku chache baadaye zisipotolewa na kukaushwa upesi. Hata pasipo moto, sefu iliyowekwa chini ya nyumba, kwenye ghorofa ya chini ya ardhi yenye baridi, hukusanya unyevu usio na pa kutokea. Dawa yake ni pakiti za silika zinazobadilishwa kwa wakati, au fimbo ya umeme inayopasha hewa ya ndani joto kidogo. Kosa baya kuliko yote ni kuihifadhi bastola ndani ya ala yake ya ngozi, kwa kuwa ngozi hufyonza unyevu na dawa zilizoitengeneza hula chuma. Mkusanyaji anayeifungua sefu yake mara moja kwa mwaka anaweza kukuta ameziharibu alizodhani anazilinda. Kwa hoja hii peke yake, hakuna mshindi. Mshindi ni mwenye kuzikagua.

Wizi ndio unaoanza kuutia ukuta hasara. Ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia silaha, ATF, ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2017 na 2021 bunduki zaidi ya milioni 1 ziliripotiwa kuibwa kutoka kwa watu binafsi. Mwizi wa nyumba kwa kawaida hana muda. Huingia, hupekua chumba cha kulala na sebule, huchukua kinachobebeka, hutoka. Bunduki ni bidhaa anayoitafuta: ni nyepesi, haikosi mnunuzi, na bei yake mtaani haishuki. Iliyoko kwenye kioo cha sebuleni humwita kabla hajaingia, kwa sababu inaonekana dirishani, imeonekana na fundi, au mwenyewe ameipiga picha na kuisambaza. Na hasara haiishii kwa mwenye mali. Bima za kawaida za nyumba Marekani mara nyingi huweka ukomo wa dola 2,500 kwa bunduki zilizoibwa, kiasi kisichotosha hata bastola moja nzuri ya Colt ya karne ya 19. Lakini Colt hiyo bado ina bei ya kulipika. Bastola ya kawaida iliyoibwa pamoja nayo huishia mikononi mwa mtu ambaye duka lisingemuuzia, na gharama yake hulipwa na mtu asiyemjua mkusanyaji wala mkusanyaji hamjui.

Sefu nayo isisifiwe kupita kiasi. Nyingi zinazoitwa sefu za bunduki zina alama ya shirika la vipimo la UL ya daraja la makazi, ambayo kwa kiwango chake cha kwanza maana yake ni kwamba zilihimili mtu mmoja mwenye zana za kawaida kwa dakika 5. Madaraja ya TL-15 na TL-30 huhimili zana kali, za umeme pamoja, kwa dakika 15 na 30, lakini bei na uzito wake ni wa maduka ya vito kuliko wa nyumba. Dakika 5 humtosha mwenye nyumba akiongeza king'ora, na akiifunga sefu kwa boliti kwenye sakafu ya zege. Isiyofungwa sakafuni hulazwa chali, ambako mtaimbo hupata nguvu maradufu, au hupakiwa yote kwenye gari. Kufuli za kidole nazo zimewahi kudanganya: mwaka 2023 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitangaza kuondolewa sokoni kwa sefu ndogo zipatazo 61,000 ambazo zingeweza kufunguliwa kwa kidole cha mtu yeyote, na tangazo lilitaja kesi ya mahakamani kuhusu kifo cha mtoto wa miaka 12.

Hata wizi, pamoja na ubaya wake, si hatari kubwa kuliko zote. Hatari kubwa imo ndani ya nyumba. Mwaka 2022 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa bunduki Marekani, na zaidi ya 27,000 kati yao walijiua. Anayejaribu kujiua kwa bunduki hufa takribani mara 9 kati ya 10. Njia nyingine nyingi huacha nafasi kubwa zaidi ya kuokolewa. Msukumo wa kujiua kwa watu wengi huja kwa ghafla na hupita, na wengi wa walionusurika hawafi baadaye kwa mikono yao wenyewe. Kwa hiyo kila kizuizi kinachochelewesha, iwe mlango wa chuma, kufuli ya triga au risasi zilizowekwa chumba kingine, huokoa uhai kwa kununua muda. Bunduki ya ukutani haina kizuizi hata kimoja.

Kwa watoto ushahidi ni mzito zaidi. Tangu mwaka 2020 bunduki ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa Marekani wenye umri wa mwaka 1 hadi 19. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la JAMA ulionyesha kwamba kufungia bunduki, kuiondoa risasi, na kuzifungia risasi mahali pake, kila jambo kwa nafasi yake, lilihusiana na upungufu wa vijana kujiua na wa ajali. Wazazi wengi huamini watoto wao wamefundwa vya kutosha. Mwaka uliofuata ukachapishwa utafiti wa Alabama uliowahoji wazazi na watoto wao kila mmoja peke yake. Kati ya wazazi waliosema mtoto hajui bunduki inakowekwa, asilimia 39 walipingwa na mtoto mwenyewe. Kati ya waliosema mtoto hajawahi kuishika, asilimia 22 walipingwa. Maonyesho hayana hata siri hiyo ya kuvunjwa: mtoto amekua akiitazama.

Matokeo yake yamefika mahakamani. Mwezi Novemba 2021 kijana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wanne katika shule ya sekondari ya Oxford, Michigan, kwa bastola iliyonunuliwa na baba yake. Mwaka 2024 wazazi wote wawili, kila mmoja kwa kesi yake, walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia na wakahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Ujerumani ilikwisha kupitia msiba kama huo Machi 2009 katika mauaji yaliyoanzia Winnenden, ambapo watu 15 waliuawa na kijana aliyetumia bastola ya baba yake. Baba huyo alikuwa mlenga shabaha mwenye bunduki nyingi zilizofungiwa vizuri, isipokuwa moja iliyobaki chumbani. Winnenden inastahili kusomwa na kila mkusanyaji, maana silaha zilizofungwa hazikuua mtu.

Hoja inayobaki upande wa pili ni ya kujilinda. Katika kesi ya District of Columbia v. Heller ya mwaka 2008, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya jiji la Washington iliyotaka bunduki za nyumbani ziondolewe risasi na zitenganishwe vipande au zifungwe triga, kwa sababu ilimnyima raia uwezo wa kujitetea papo hapo. Hukumu hiyo haikuua sheria zote za uhifadhi. San Francisco ilikuwa inataka bastola iwe mwilini mwa mwenyewe au ifungiwe. Mahakama ya rufani iliiacha sheria hiyo isimame mwaka 2014, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi. Lakini kwa mkusanyaji mjadala huu karibu wote haumhusu. Hakuna anayejilinda usiku kwa bunduki kumi na nne za Mauser. Anayehofia wavamizi anahitaji silaha moja ndani ya sefu ndogo ya kufunguka kwa sekunde chache, karibu na kitanda. Nyingine zote hazina haraka yoyote, na zisipewe ruhusa kwa jina la hiyo moja.

Serikali kuu ya Marekani haimlazimishi raia kufungia bunduki. Kwa sheria ya mwaka 2005 humtaka tu muuzaji mwenye leseni ampe mnunuzi wa bastola kifaa cha kuifungia. Majimbo yametofautiana. Florida ilikuwa ya kwanza, mwaka 1989, kumuadhibu mwenye bunduki iliyomfikia mtoto. Massachusetts hutaka kila silaha isiyo mikononi mwa mwenyewe ifungwe. Mengine hayasemi neno. Jambo la kushangaza ni kwamba takribani sheria zote hizo huzungumzia kuhifadhi, wala si kuonyesha.

Kanada ndiyo iliyoliona pengo hilo na kuliziba. Kanuni zake za mwaka 1998 zina vifungu vya kuhifadhi na vifungu vingine vya kuonyesha. Bunduki ya kawaida inayoonyeshwa lazima iwe haina risasi, iwe imefungwa kwa kifaa kinachoizuia kufyatua au iwe ndani ya kabati lililofungwa, na risasi zake zisiwe pamoja nayo wala karibu nayo. Yenye masharti makali zaidi, kama bastola nyingi, huongezewa kwamba ifungwe kwa mnyororo au waya wa chuma kwenye ukuta au rafu iliyopo, isiweze kung'olewa kirahisi. Kitu cha kale hutakiwa tu kisiwe na risasi. Mfumo huu una busara ambayo jirani yake wa kusini hajaifikia: haumkatazi mtu kuonyesha anachokipenda, unamtaka aondoe kinachoua.

Uingereza imefuata mstari mwingine. Mwenye cheti cha bunduki hutakiwa aifungie, na polisi hukagua kabati kabla ya kumpa cheti. Lakini kifungu cha 58 cha sheria ya mwaka 1968 kinaziacha nje silaha za kale zinazomilikiwa kama kitu cha ajabu au pambo, na tangu 2021 kanuni zimeeleza wazi ni zipi. Gumegume la karne ya 18 linaweza kutundikwa. Bunduki ya kuwindia iliyonunuliwa juzi haiwezi. Ujerumani tangu 2017 inataka sefu mpya zifikie kiwango cha Ulaya cha EN 1143-1. Uswisi, ambako bunduki ya jeshi hukaa nyumbani, iliamua mwaka 2007 kwamba risasi zake zirudi maghalani.

Uzoefu wa nchi hizi unatenganisha vitu viwili ambavyo mjadala wa Marekani huvichanganya, yaani bunduki na uwezo wake wa kufyatua. Mkusanyaji anayetaka kuona vitu vyake ana njia kadhaa. Anaweza kuitoa sehemu inayofunga chumba cha risasi na kuifungia mbali, ukutani ukabaki mtutu na kitako. Anaweza kuonyesha iliyolemazwa daima, ingawa kwa kitu adimu huo ni uharibifu wa thamani na wa historia, na haupaswi kushauriwa. Anaweza kutundika nakala, halisi ikabaki ndani. Mwenye uwezo hujenga chumba kizima chenye kuta za zege, mlango wa sefu, kipimo cha unyevu na king'ora, kisha humo ndani huzitundika zote. Hiyo ndiyo njia bora, kwa sababu inatimiza haja zote mbili bila kuidhulumu hata moja. Asiye na chumba hicho aifungie kila silaha inayoweza kufyatua. Kabati la kioo lenye bunduki nzima na risasi zake ndani halina utetezi, hata katika nyumba isiyo na mtoto.

Kuna hatari moja ambayo sefu haiizuii: mwenye ufunguo mwenyewe. Wakusanyaji wengi ni wanaume wazee, na Marekani wanaume wenye umri wa miaka 75 na zaidi ndio wenye kiwango cha juu zaidi cha kujiua. Wengine huanza kupoteza kumbukumbu wakiwa bado na namba ya sefu kichwani. Familia hukwepa mazungumzo haya kwa heshima, na heshima hiyo imegharimu maisha. Katika jimbo la Colorado imetengenezwa ramani ya maduka na vituo vya polisi vinavyokubali kutunza bunduki za watu kwa muda, ili mwenye shida azitoe nyumbani bila kuzipoteza. Penye imani, rafiki au ndugu anaweza kushika ufunguo mpaka hali itengemae, sheria ya jimbo ikiruhusu.

Mkusanyaji ambaye hajaandika orodha ya bunduki zake na aiandike wiki hii: aina, mwaka, namba ya kila bunduki, picha za pande zote mbili, na jina la atakayezirithi kihalali. Bila namba, polisi hawawezi kuiingiza bunduki iliyoibwa kwenye kumbukumbu za FBI, na mjane hawezi kujua kama anauza ya dola 300 au ya 30,000. Orodha hiyo isikae ndani ya sefu, na nakala yake iwe kwa mtu wa pili.